Paja la baba linachelewa kupona: je, seli za kutengeneza misuli zimemwishia?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 68. Wiki tano zilizopita alianguka kutoka kwenye bodaboda. Hospitali walipiga picha wakasema mfupa haujavunjika ila msuli wa nyuma ya paja umechanika. Mpaka leo anachechemea. Mdogo wangu ana miaka 22. Mwaka jana alichanika msuli huohuo akicheza mpira, na wiki ya nne alikuwa ameshaanza kukimbia. Jamaa mmoja ametuambia seli za kutengeneza misuli huwa zinakwisha uzeeni, na kwamba kuna sindano za seli shina zinazouzwa. Ni kweli zimekwisha? Baba anakunywa diklofenaki kila siku, muda mwingi amelala, na jioni tunamkanda kwa maji ya moto. Tunafanya sawa? (Rehema, Muheza)

JIBU: Marahaba Rehema, na mpe mzee pole zangu. Nianze na hilo la seli kwa sababu mengine yote yanalitegemea. Seli zinazotengeneza misuli hazijamwishia baba yako. Zimepungua, na zimekuwa nzito kuamka, lakini zipo. Kilichobadilika zaidi ni ishara zinazozifikia: zile za kuziamsha zimefifia, zile za kuzizuia zimepanda, na nyingine zinafika wakati usio wake. Ukilishika hilo, utaona mwenyewe kwa nini sindano ile haitamsaidia, na kwa nini kushinda kitandani kunamchelewesha.

Msuli wa paja umejengwa kwa nyuzi ndefu, na kila uzi ni seli moja yenye mamia ya viini. Viini hivyo havigawanyiki tena. Uzi ukikatika, kazi ya kuufufua ni ya seli ndogo sana zinazokaa ubavuni mwake, zimebanwa kati ya utando wa uzi wenyewe na ala nyembamba inayouzunguka kwa nje. Alexander Mauro alizieleza mwaka 1961 huko New York, baada ya kuchunguza msuli wa chura kwa hadubini ya elektroni, akaziita seli satelaiti. Ndizo seli shina za msuli, yaani seli mama zinazozaa seli nyingine. Kwa miaka mingi wataalamu walibishana kama kweli ndizo chanzo cha msuli mpya. Mwaka 2011 maabara kadhaa zilitumia panya waliobadilishwa jeni, zikaziua seli zote zenye protini iitwayo Pax7, ambayo ndiyo alama ya seli hizi. Misuli ya panya hao ilipojeruhiwa haikuota tena, na hakuna seli nyingine iliyojitokeza kuziba pengo.

Siku za kawaida seli satelaiti zimelala kama mbegu ya mahindi iliyotundikwa darini juu ya jiko: hai kabisa, ila haigawanyiki na inatumia nguvu kidogo mno. Usingizi huo unalindwa kwa ishara za kila dakika. Uzi wa msuli hubeba juu ya utando wake protini zinazogusa kipokezi kiitwacho Notch kwenye seli satelaiti. Mguso huo hufanya kipande cha kipokezi kikatwe, kiingie kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za utulivu. Mwaka 2012 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba ukiivunja njia hii, seli zinaamka zenyewe bila jeraha lolote, nyingi zinageuka msuli papo hapo bila hata kugawanyika, na baada ya muda akiba imekwisha. Naomba ulikumbuke hili kila utakapoona tangazo la kitu "kinachoamsha seli shina". Seli iliyoamshwa pasipo kazi ni akiba iliyotupwa.

Sasa baba ameanguka na msuli umechanika. Nyuzi zilizovutwa zinatoa oksidi ya nitriki, gesi ambayo husaidia kuamsha vimeng'enya vya kukata mtandao wa protini unaozizunguka seli. Ndani ya mtandao huo imehifadhiwa protini iitwayo HGF, tayari inasubiri. Ikifunguliwa, inashika kipokezi chake juu ya seli satelaiti, na ujumbe unakimbia ndani ya seli kwa kupokezana fosfeti kutoka protini moja hadi nyingine. Katika njia hiyo kuna protini moja, p38, ambayo tutakutana nayo tena tukifika kwenye uzee. Mwisho wa safari ujumbe unawasha MyoD. Hii ndiyo swichi yenyewe ya msuli: mwaka 1987 watafiti wa Seattle waliiingiza jeni yake kwenye seli za kawaida za tishu unganishi, na seli hizo zikageuka kuwa za misuli. Kuamka kwa mara ya kwanza hakuharakishwi. Seli inahitaji zaidi ya siku nzima kabla ya kugawanyika mara ya kwanza, ndipo migawanyiko inayofuata inakwenda kasi.

Kuna ugunduzi mmoja wa mwaka 2014 kutoka maabara ya Thomas Rando, Chuo Kikuu cha Stanford, ambao kila nikiufundisha wanafunzi hunyamaza. Panya akijeruhiwa mguu mmoja, seli satelaiti za mguu wa pili, ambao haukuguswa, nazo zinajiinua kutoka usingizi mzito hadi usingizi mwepesi. Hazigawanyiki, lakini zikihitajika zinaitika haraka zaidi. Ujumbe umesafiri kwa damu, na baadaye ikajulikana kwamba ni kimeng'enya cha kwenye damu kinachoiamsha ile HGF. Kwa hiyo kupona kwa paja kunauhusu mwili mzima, na hii ni sababu mojawapo kwa nini nitakuuliza pia kuhusu sukari na chakula cha mzee.

Nije kwenye uvimbe, maana hapo ndipo diklofenaki inapoingia. Saa chache baada ya kuchanika, chembe nyeupe za damu zinamiminika kwenye jeraha. Zinatangulia zile ziitwazo neutrofili, kisha zinafika zile ziitwazo makrofeji. Makrofeji za siku za mwanzo zinakula mabaki ya nyuzi zilizokufa na kutoa ishara kali kama TNF na interleukini 6, ambazo huzihimiza seli satelaiti zigawanyike na kuzizuia zisikimbilie kukomaa. Zikishashiba mabaki, makrofeji hizohizo hubadilika tabia. Zinaanza kutoa IGF-1 na interleukini 10, uvimbe unapungua, na seli satelaiti zinaambiwa sasa ziache kugawanyika, zikomae na ziungane. Kuungana nako kuna vifaa vyake: protini inayoitwa mayomeka, iliyogunduliwa 2013, pamoja na mwenzake aliyegunduliwa 2017, ndizo zinazoziwezesha seli changa kuyeyusha mipaka yao na kuwa uzi mmoja. Baadhi ya seli hazifuati mkondo huo. Zinarudi kulala, kulinda akiba kwa ajili ya jeraha lijalo. Panya walionyimwa makrofeji hawaponi vizuri. Uvimbe wa siku za mwanzo, pamoja na maumivu yake yote, ni sehemu ya tiba.

Diklofenaki inafanya kazi kwa kuzuia kutengenezwa kwa prostaglandini. Moja kati ya hizo, E2, ni ishara ya moja kwa moja kwa seli satelaiti. Mwaka 2017 maabara ya Helen Blau, pia Stanford, ilionyesha kwamba seli za panya zinaihitaji ili ziongezeke baada ya jeraha, na kwamba dawa za jamii hii zilidhoofisha upatikanaji wa nguvu ya msuli baadaye. Kwa binadamu, utafiti wa Denmark wa 2009 uliwapa vijana wenye afya dawa ya jamii hiyo ndani ya msuli wa paja moja, wakafanya mazoezi mazito kwa miguu yote miwili. Siku ya nane seli satelaiti zilikuwa zimeongezeka kwenye paja lisilo na dawa tu. Hata hivyo sitaki ukimbie na hitimisho la haraka, kwa sababu wazee hawafanani na vijana. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani waliwapa wazee waliokuwa wakifanya mazoezi ya nguvu ibuprofeni au parasetamoli kwa wiki 12, na wazee hao wakaongeza misuli kuliko wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa. Inaelekea kwamba mzee ana uvimbe mdogo wa kudumu mwilini ambao kijana hana, na kuupunguza kunaweza kumfaa.

Kwa hiyo, kwa upande wa msuli peke yake, sayansi haijatoa hukumu moja kwa watu wote. Lakini baba yako ana tumbo, figo na presha pia. Diklofenaki kila siku kwa wiki tano kwa mtu wa miaka 68 ni hatari ambayo haihitaji hoja ya seli shina kuikataa: inaweza kumtoboa vidonda vya tumbo, kumuumiza figo na kumpandishia presha, hasa ikiwa inanunuliwa tu dukani bila daktari kujua dawa nyingine anazotumia. Mpelekeni aandikiwe njia nyingine ya kutuliza maumivu. Parasetamoli kwa kipimo sahihi huwatosha wengi katika hatua hii.

Kuna kundi jingine la seli ambalo watu wengi hawajalisikia, nami naliona muhimu kuliko umaarufu wake. Katikati ya nyuzi za msuli wanaishi majirani ambao wanaweza kugeuka ama kovu ama mafuta. Walielezwa vizuri 2010. Msuli ukichanika wanaongezeka kwa kasi na kuzipa seli satelaiti ishara nzuri, kisha wanatakiwa kufa baada ya siku chache. TNF ya zile makrofeji za mwanzo ndiyo inayowaua. Uvimbe ukiwa wa kudumu, ishara nyingine iitwayo TGF-beta inawakinga wasife, nao wanabaki na kumwaga kolajeni. Ndivyo inavyotokea katika ugonjwa wa Duchenne, unaowapata watoto wa kiume kwa sababu jeni yake iko kwenye kromosomu ya X: msuli unachanika na kujengwa upya bila kupumzika, hadi ishara za ujenzi zinageuka kuwa ishara za kovu. Kama kuna mama anayesoma hapa mwenye mtoto wa kiume wa miaka mitatu au minne anayeanguka ovyo, mwenye mashavu ya miguu yaliyonenepa, na anayejisukuma kwa mikono juu ya mapaja ili asimame, asisubiri akue, ampeleke hospitali.

Turudi kwa mzee. Mwaka 2003 Irina Conboy na wenzake walionyesha kwamba msuli wa panya mzee ukijeruhiwa haupandishi vya kutosha ile protini inayoigusa Notch, kwa hiyo seli hazipati amri ya kuongezeka. Walipoilazimisha Notch iwake, uponaji ukarudi. (Ndiyo, ni Notch ileile inayolinda usingizi. Ishara moja huleta matokeo tofauti kutegemea wakati na majirani, na ndiyo maana dawa za kucheza na njia hizi ni ngumu kutengeneza.) Miaka miwili baadaye wakafanya jaribio lililotikisa fani nzima. Waliunganisha mzunguko wa damu wa panya mzee na wa panya kijana, wakaujeruhi msuli wa mzee. Ulipona vizuri kuliko wa panya mzee aliyeunganishwa na mzee mwenzake. Na walihakikisha kwamba msuli mpya haukujengwa na seli za kijana zilizohamia. Seli za mzee mwenyewe ndizo zilizoamka. Rehema, nikitakiwa kumjibu yule jamaa yenu kwa jaribio moja, nitamjibu kwa hili.

Nisikufiche kwamba mambo hayaishii kwenye damu tu. Mwaka 2014 tafiti kadhaa zilionyesha kwamba ndani ya seli za panya wazee ile p38 inawaka kupita kiasi hata bila sababu, na hivyo seli inasukumwa kuwa msuli badala ya kurudi kulala. Ikipozwa kwa dawa maabara, seli zinarudisha sehemu kubwa ya uwezo wao. Kwa panya wakongwe kabisa, baadhi ya seli zimeingia hali ya kukoma kugawanyika moja kwa moja. Kisha zilikuja habari za protini ya kwenye damu, GDF11, iliyotangazwa 2014 kwamba inafufua misuli ya panya wazee. Mwaka uliofuata kundi jingine likapata matokeo ya kinyume. Nalitaja hili kwa sababu tayari kuna watu mtandaoni wanaouza vichupa kwa jina hilo.

Sasa hizo sindano. Wazo la kupandikiza seli za misuli lilijaribiwa kwa uzito kwa watoto wenye Duchenne miaka ya 1990, na matokeo yalivunja moyo. Seli nyingi hufa ndani ya siku chache baada ya kudungwa. Zilizobaki hazisambai mbali, na zilizokuzwa maabara hupoteza haraka uwezo wa seli shina kwa kuwa zimeondolewa mahali palipozilinda. Na hata zingekuwa hai zote, zingeingia katika paja lilelile lenye ishara zilezile. Hakuna matibabu ya sindano za seli shina yaliyothibitishwa kuponya msuli uliochanika wa mzee. Mengi yanayouzwa hayaelezi hata ni seli gani zimo ndani ya chupa, na sindano isiyo safi inaweza kuleta usaha ndani ya paja. Fedha hizo mnunulieni mzee mayai, na mlipieni mtaalamu wa fiziotherapia.

Sisemi hivyo kwa mzaha, maana kukaza msuli ndiyo njia kuu tuliyonayo ya kuzifikishia seli satelaiti ishara. Msuli ukivutwa, oksidi ya nitriki inatolewa, HGF inafunguliwa, damu inaongezeka. Mwaka 2009 watafiti wa Denmark na California walifunga mguu mmoja wa wanaume vijana na wazee kwa wiki mbili, kisha wakawarudisha mazoezini. Seli za wazee ziliitika kwa uvivu zaidi, na ishara za Notch zilikuwa hafifu. Hiyo ni wiki mbili tu. Utafiti mwingine wa Denmark, wa 2017, uliwachukua wanamichezo wa ridhaa 50 waliochanika vibaya misuli ya paja au ya shavu la mguu. Walioanza mazoezi mepesi siku ya 2 walirudi michezoni baada ya siku 62.5 kwa wastani wa kati. Walioanza siku ya 9 walihitaji siku 83. Tofauti ya siku saba tu mwanzoni iliwagharimu karibu wiki tatu mwishoni. Hao walikuwa na umri mdogo kuliko baba, na siwezi kuahidi idadi hizo kwake, lakini mwelekeo ni uleule.

Kwa wiki ya tano, kama daktari au mtaalamu wa mazoezi akithibitisha kwamba msuli haujang'oka kwenye mfupa, aanze hivi. Akiwa amelala chali, goti limekunjwa kidogo, asukume kisigino chini kwenye godoro, ashike kwa sekunde chache, aachie. Mara kadhaa kwa siku. Maumivu kidogo yanavumilika; maumivu ya kuchoma au yanayobaki hadi kesho yake maana yake amezidisha. Kisha kusimama kutoka kwenye kiti bila kujisukuma kwa mikono, kisha kutembea, kila siku akiongeza kidogo. Awe na mtu karibu asije akaanguka tena.

Chakula nacho ni ishara. Baada ya kula protini, asidi amino iitwayo leusini huwasha ndani ya seli njia ya mTOR inayoagiza ujenzi, na kwa mzee njia hiyo inahitaji kiasi kikubwa zaidi ili iwake. Wataalamu wa lishe ya wazee wanapendekeza gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na zaidi kidogo kwa mwenye jeraha. Mzee wa kilo 65 anahitaji basi gramu 65 hadi 78. Ugali na mchicha peke yake havitamfikisha. Yai lina gramu 6 hivi, kikombe cha maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyoiva karibu 15, na dagaa wakavu ni hazina tunayoidharau. Agawiwe katika milo yote mitatu, asiachiwe kitoweo cha usiku tu. Isipokuwa kama ana ugonjwa wa figo. Hapo daktari wake ndiye aseme kiasi. Na apimwe sukari, kwa sababu kisukari kisichodhibitiwa kinachelewesha kila hatua niliyoieleza.

Kuhusu kumkanda: siku mbili tatu za mwanzo maji ya moto na kuchua kwa nguvu huongeza damu kuvuja ndani ya msuli, na msuli uliochuliwa vibaya wakati huo unaweza hata kuota mfupa katikati yake. Sasa wiki ya tano, kitambaa cha uvuguvugu na mkono mwepesi havina ubaya, na vikimlegeza kabla ya mazoezi ni vizuri. Msichue palipochanika kwa viganja vizito wala kwa chupa.

Jambo la mwisho, na hili lifanyeni haraka. Mtazameni shavu la mguu huohuo. Kama limevimba kuliko la upande wa pili, lina joto na linauma likibonyezwa, msilikande kabisa. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, maana mzee aliyelala wiki nyingi anaweza kuganda damu kwenye mshipa. Akianza kubanwa pumzi ghafla, msisubiri kuche. Na kama nyuma ya paja mnahisi shimo kwa vidole, au hawezi kabisa kukunja goti, ombeni apigwe picha ya ultrasaundi, kwa sababu msuli uliong'oka kwenye mfupa huenda ukahitaji kushonwa.